Theda Bara na Uarabu wa Kusingiziwa

Ndugu msomaji, sisi tuliosomeshwa chuoni tulifunzwa tangu utotoni kwamba habari haipokewi mpaka iulizwe sanadi yake: nani kasema, kasikia kwa nani, na huyo naye kaipata wapi. Leo nakuomba unifuate tuichukue mizani hiyo tuipeleke pahali usipotarajia kuiona, nako ni kwenye sinema bubu za Marekani, zile zilizochezwa kabla picha hazijapewa sauti.

Mwaka 1915 magazeti ya huko yalijaa habari za mwanamke aitwaye Theda Bara. Ilisemwa kuwa kazaliwa jangwani, kwenye kivuli cha Abul-Houl wa Misri, baba yake Mtaliani mchonga sanamu na mama yake Mfaransa mchezaji wa jukwaani. Alipigwa picha kainamia mifupa ya mtu, macho kayatia wanja mzito. Hata jina lake lilifanywa fumbo. Sisi Waswahili tukiliona neno “bara” tunaikumbuka Tabora, lakini Mmarekani aliambiwa aligeuze nyuma mbele apate “Arab”, kisha azipange upya herufi za “Theda” apate neno la Kiingereza la mauti. Basi mwanamke huyu akawa ni Mauti ya Kiarabu.

Sasa tuulize sanadi. Habari hii ilitoka kwa watangazaji wa kampuni ya William Fox, na wao waliitoa vichwani mwao. Jina la mwanamke lilikuwa Theodosia Goodman. Alizaliwa mwaka 1885 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa Myahudi mshona nguo aliyetoka Poland, na mama yake mzaliwa wa Uswisi. Alisoma chuo kikuu cha mjini kwao, akenda New York kucheza jukwaani miaka kadhaa bila ya kupata jina, na Fox alipomchukua alikuwa akikaribia umri wa miaka 30. Misri hakuwa hata ameikanyaga. “Theda” ni Theodosia lililofupishwa, na “Bara” limekatwa kwenye Barranger, jina la jamaa zake wa upande wa mama. Fumbo la mauti lilikuja baadaye, kwa ajili ya kuuza tiketi.

Mwandishi mmoja aliyekuwamo amesimulia jinsi waandishi wa magazeti walivyoitwa kwenye hoteli moja mjini Chicago kuonyeshwa bibi huyu. Chumba kilitandazwa mahameli na kujazwa maua, kimefungwa na kupashwa moto, kwani waliambiwa mtoto wa jangwani haiwezi baridi. Akakaa mle na manyoya mwilini, akajibu maswali kwa sauti ya mbali. Wageni walipotoka, alikimbilia dirishani akalifungua, naye yu karibu na kuzimia kwa joto. Mimi kisa hiki kilinichekesha, kisha kikanisikitisha. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukosa pumzi ndani ya uwongo ule.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nilikusudia kuandika dhidi ya mwanamke huyu. Mjukuu wangu aliniwekea filamu yake iliyomtoa, *A Fool There Was*, ya mwaka 1915, nikaitazama mpaka mwisho kwa nia ya kukusanya makosa yake. Niliyoyakusanya hayakuwa yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Bwana mmoja mwenye cheo, ana mke na mtoto wa kike, anatumwa Uingereza kwa kazi ya serikali. Melini yumo mwanamke ambaye kazi yake ni kuharibu waume. Wao walimwita mnyonya damu. Wazee wetu wangalisema mumiani. Mwanamume aliyekwisha kuangamizwa naye anajiua pale pale sitahani, na yeye anacheka. Safari haijesha, na yule bwana mwenye cheo kesha nasa. Anapoteza kazi, anapoteza heshima, anabaki na chupa. Mkewe anamwendea, anampelekea na mtoto, naye anakaribia kurudi. Mara mumiani anaingia na kumchukua tena kana kwamba anachukua mkoba wake. Mwishoni bwana yu chini, na mwanamke anamnyunyizia majani ya waridi.

Mchezo wa Theda Bara hapa ni mzuri kuliko nilivyodhania. Mikono ya wenzake inarushwa huku na huku, kama desturi ya sinema zile. Yeye anatulia, na utulivu wake ndio unaoogopesha. Lakini kisa kina kasoro kubwa. Bwana yule ana akili timamu, ana elimu, ana ndoa, na katika filamu nzima haulizwi hata mara moja kwa nini aliufungua mlango. Dhambi yote katwikwa mwanamke mgeni. Na watangazaji walipomtafutia huyo mgeni kabila, walimpa Uarabu.

Hii ndiyo buhtani, kumsingizia mtu asilokuwa nalo, nayo iliwafika wawili kwa pigo moja: umma mzima wa watu usioulizwa, na binti wa mshona nguo aliyelipwa ili anyamaze. Wala haikuishia pale. Mwaka 1921 kampuni nyingine ikamvika Rudolph Valentino kilemba katika *The Sheik*, na neno letu la heshima likawa, midomoni mwa vijana wa Kimarekani, jina la mwanamume mpumbaza wanawake. Niandikapo “sheikh” mbele ya jina langu, hulikumbuka hilo.

Theda Bara alicheza filamu kiasi cha 40, na mshahara wake ukapanda kutoka dola 150 kwa wiki hadi dola 4,000. Mwaka 1917 alicheza *Cleopatra*, na mwaka huo huo jamaa zake wakalibadili rasmi jina la ukoo kuwa Bara. Tazama jinsi uwongo ulivyoingia hata katika daftari la serikali! Aliomba apewe wanawake wema. Alipopewa msichana wa Kiairishi katika *Kathleen Mavourneen*, mwaka 1919, Wairishi wa Marekani walilalamika, na mojawapo ya waliyoyakataa ni Myahudi kumcheza binti yao. Aliyeuzwa kwa Uarabu asiokuwa nao, akakataliwa kwa Uyahudi aliokuwa nao. Mkataba wake na Fox ukesha mwaka ule ule. Mwaka 1921 aliolewa na Charles Brabin, mwongozaji filamu kutoka Uingereza, akakaa naye hata alipofariki kwa saratani mwaka 1955.

Filamu zake karibu zote hazipo. Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, lilishika moto. Filamu za zama zile hujiwasha zenyewe kwa joto, na mtoto wa jirani alikufa kwa majeraha. *Cleopatra* imebaki vipande vidogo vya kuhesabu kwa sekunde. Imesalimika *East Lynne* ya mwaka 1916, ambamo anacheza mke aliyeiacha nyumba yake kwa kudanganywa, kisha akarudi kwa sura ya kujificha, mlezi wa watoto wake mwenyewe, na mwanawe akamfia bila ya kumjua. Hiyo sijaiona. Nikipewa kuchagua, wale wanaoitafuta *Cleopatra* na waendelee kuitafuta. Mimi nimemwomba mjukuu wangu anitafutie hii.