Umma na Umati: Suala la Usaliti katika Juliasi Kaizari

Mwalimu Julius K. Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa tena, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni rahisi kuisoma kazi hii kama kitabu cha hofu za mtawala. Mfasiri alikuwa Rais, na jina lake lilikuwa Julius. Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa. Januari 1964 jeshi la Tanganyika likaasi. Kwa usomaji wa namna hiyo, usaliti unaozungumzwa ni mmoja tu, nao ni jambia la Brutus mwilini mwa rafiki yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo ni finyu, na kwamba usaliti mzito zaidi katika tamthilia hii ni ule wanaotendewa raia wa Roma na viongozi wao.

Kiswahili kinamsaidia mhakiki kuliona jambo hili, kwa kuwa kinatenga dhana mbili. Uhaini ni kosa dhidi ya dola. Usaliti ni kuvunja imani ya mtu au ya watu waliokutegemea. Je, Brutus ni mhaini? Jibu si jepesi. Caesar hajatawazwa kuwa mfalme, na Roma bado ni jamhuri. Brutus anaweza kudai kwamba anaitetea dola, haipindui. Kwamba ni msaliti wa rafiki hakuna ubishi. Mzozo huu ndio ambao kwa kawaida hujadiliwa madarasani, kisha somo likafungwa hapo. Lakini tamthilia haifungwi hapo.

Tuyatazame maonyesho matatu yanayofuatana. Katika onyesho la pili la tendo la tatu, Brutus anauhutubia umma kwa nathari, akitoa hoja. Umma unamkubali kiasi kwamba mmoja wao anataka Brutus mwenyewe afanywe Caesar: dalili ya kwanza kwamba hoja haikueleweka, wala msemaji hakujali kuhakikisha kama imeeleweka. Antony anamfuata kwa ushairi. Haleti hoja, analeta vazi lililotobolewa, maiti, na wosia wenye ahadi ya drakma 75 kwa kila raia pamoja na bustani kando ya mto Tiber. Watu wanaondoka na moto mikononi, naye Antony, akiisha kubaki peke yake, anafurahia madhara aliyoyaanzisha.

Onyesho la tatu ni fupi mno, na katika historia ya jukwaa limeachwa mara nyingi. Orson Welles alipoliigiza New York mwaka 1937, katika mazingira ya ufashisti, ndipo watazamaji wengi walipotambua uzito wake. Mshairi Cinna anakutana na kundi la watu njiani. Anaulizwa jina lake, aendako, akaako, na kama ameoa. Jina lake limefanana na la mmoja wa wala njama. Katika Plutarch, ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Kiingereza ya 1579, mtu huyu anauawa kwa kudhaniwa kuwa mwingine. Shakespeare amelibadili jambo hilo. Kwake, Cinna anajieleza, kosa linajulikana, na bado anashambuliwa: mara kwa sababu ya ubaya wa mashairi yake, mara kwa sababu jina tu linatosha. Huku si kukosea tena, ni kuchagua.

Mara baada ya hapo, tendo la nne linafunguliwa chumbani. Antony, Octavius na Lepidus wanaandika orodha ya watakaokufa. Lepidus anamtoa kaka yake, Antony anamtoa mpwa wake. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wosia, ili waone namna ya kupunguza yaliyoahidiwa humo. Hii ndiyo nukta ambayo uhakiki umeipita haraka. Hati iliyowatia watu wazimu inaletwa ili ipunguzwe, wakati damu ya Cinna haijakauka. Hapa usaliti unakamilika, na waliosalitiwa hawapo chumbani.

Huenda ikadaiwa kwamba Shakespeare analidharau tabaka la chini, akiliona kuwa ni kigeugeu. Dai hilo lina ushahidi wake, kwani tangu onyesho la kwanza raia wanakaripiwa kwa kumsahau Pompey. Lakini mpangilio wa maonyesho haya unakataa hukumu hiyo isiwe ya mwisho. Mwandishi aliyekusudia kuwadharau raia tu asingetuonyesha ni nani aliyefaidika, tena kwa haraka namna hiyo. Maneno umma na umati yana asili moja katika Kiarabu. Kiswahili kimeyatenga, la kwanza likabeba heshima ya jamii, la pili likabaki na wingi wa watu tu. Kazi ya Antony ni kuugeuza umma kuwa umati, kisha kuutupa. Wala umati hausafiki kwa hoja hii: mikono iliyomrarua Cinna ni yao wenyewe.

Kwa msomaji wa Eldoret, onyesho la Cinna si kisa cha Roma pekee. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika Bonde la Ufa watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakadaiwa vitambulisho, na jina likawa hukumu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maswali aliyoulizwa Cinna yanafahamika hapa bila ufafanuzi wowote wa mwalimu.

Kwa hiyo ufundishaji wa Juliasi Kaizari hauna budi kubadilika. Mazoea ya kukariri hotuba ya Antony kama kielelezo cha ufasaha yanamfanya mwanafunzi astaajabie ulimi na asiulize ulimi huo ulifanya nini. Hotuba na isomwe, lakini isomwe pamoja na maonyesho mawili yanayoifuata, kwa mfululizo, bila kuruka. Nyerere aliiweka tamthilia hii katika lugha ambayo mkulima, mchuuzi na mwalimu wanaweza kuijadili pamoja. Wakiisoma hivyo, watafika mahali pa kuuliza kuhusu kila hotuba inayowasisimua: wosia uko wapi, na nani ameketi kuupunguza?