Kaye ya Vitabu vya Mwaka

Mwisho wa mwaka tulifungua kaye yetu ya vitabu. Orodha ni ndefu, lakini urefu si sifa.

Mwanzoni tulisoma «La philosophie bantoue» ya Padri Placide Tempels, iliyochapwa Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945. Tukaandika: «Kizuri kabisa.» Miezi ikapita, tukasoma kitabu cha Padri Alexis Kagame wa Rwanda, cha mwaka 1956. Tempels asema kwamba kwa Wabantu kuwa na nguvu ni kitu kimoja. Kagame aanza na lugha yenyewe, agawa vyote kwa maneno manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Ndipo tulipoona kosa letu: tulimsifu Tempels kwa sababu alitusifu, wala hatukumdai ushuhuda. Neno la kwanza hatukulifuta. Tuliandika la pili chini yake.

Basi ukimpa mwenzako kitabu, usiseme tu «soma, ni kizuri». Mwambie kilikufundisha nini, tena ulikataa nini. Na katekista asiyejua Kifaransa, umsimulie kwa Kiswahili. Naye atakuuliza maswali ambayo kitabu hakikuuliza. Hayo nayo yaandikwe katika kaye.