Mkavu Juu, Mbichi Chini

Mjusi wa buluu wa Kimboza hana haja na bakuli la maji. Hulamba matone yaliyonasa kwenye majani na kwenye kioo, na akisharidhika hurudi shinani kuota joto la taa. Mfugaji hujifunza hilo mapema, na akishalijua hawezi tena kushika kopo la dawa bila kusita. Chochote anachopuliza ndani ya kizimba, mjusi atakinywa kesho asubuhi. Dawa ya mbu, mafuta ya mwarobaini, maji ya sabuni, vyote vitapita kwenye ulimi wa mnyama asiyezidi urefu wa kidole. Ufundi ninaousifu hapa umejengwa juu ya kusita huko. Ni ufundi wa kupunguza visubi wa udongo ndani ya terariamu yenye mimea hai, bila kumdhuru mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba huyu si wa kawaida. Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1952, porini anapatikana mkoani Morogoro tu, katika msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, chini ya milima ya Uluguru. Hukaa juu ya Pandanus rabaiensis, ndugu wa mkadi ule ambao akina mama wa pwani wanaupenda kwa harufu ya ua lake. Dume ni buluu kali, jike ni kijani kinachoelekea kahawia. Rangi hiyo ilimponza. Wakusanyaji walikuwa wakiikata mikadi ili kuwafikia waliojificha kwenye makutano ya majani, na wanyama kwa maelfu wakasafirishwa kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2012 aliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai, na tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES. Wanaofugwa Stockholm leo kihalali ni wazaliwa wa vizimbani, na mamlaka inayosimamia vibali vyao nchini Sweden ni Jordbruksverket, bodi ya kilimo. Mnyama wa namna hiyo akifa kwa sababu mtu alikerwa na visubi watatu mbele ya televisheni, mimi naiona hiyo kuwa hasara ya Morogoro pia.

Stockholm ina tatizo lake la majira. Katikati ya Desemba jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na saa tisa kasorobo alasiri limekwisha kuzama. Mimea ya dirishani hukaribia kusimama kukua, mizizi hainywi, lakini mkono wa mwenye mimea unaendelea kumwagilia kwa mazoea ya Julai. Udongo unabaki mbichi wiki nzima. Kuvu na mwani humea juu yake, na hapo ndipo kisubi wa jamii ya Sciaridae anapotaga. Jike mmoja anaweza kuacha mayai zaidi ya mia. Kwa joto la nyumbani, safari ya kutoka yai hadi mdudu anayeruka huchukua kama wiki tatu au nne, na sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika chini ya udongo. Mdudu mzima haumi na huishi takriban wiki moja tu. Anayewafukuza wanaoruka kwa kofi na kopo anapambana na wale ambao wako karibu kufa wenyewe.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kutazama. Wafugaji wengi wa mijusi wadogo huwalisha nzi wa matunda waliozalishwa kwenye chupa, na nzi hao wakitoroka hufanana kwa mbali na visubi. Nzi wa matunda ni mnene, mara nyingi ana macho mekundu, naye hukimbilia siki. Kisubi ni mweusi na mwembamba, ana miguu mirefu, na hupenda kukimbia juu ya udongo kuliko kupaa. Kumtegea siki ni kupoteza wakati. Kipimo kizuri ni kiazi kibichi. Kata kipande, kilaze juu ya udongo pembeni, kiache siku mbili tatu, kisha kigeuze chini ya taa. Mabuu wakiwepo utawaona wameng'ang'ania sehemu iliyolowa. Mwili wao unapenyeza mwanga kiasi kwamba chakula kinaonekana kikipita tumboni, na kichwa ni nukta nyeusi inayong'aa. Napenda sana hatua hii, kwa sababu inampa mtu ukweli kabla hajafanya lolote, na haimgharimu zaidi ya kiazi.

Kinachofuata ni maji, na hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo. Mabuu huishi zaidi katika sentimita chache za juu. Udongo wa juu ukikauka, wengi wao hufa na majike hukosa pa kutaga. Lakini huwezi kukausha kizimba kizima, maana mjusi anahitaji umande wake na mimea inahitaji mizizi yenye unyevu. Terariamu iliyojengwa vizuri huwa na tabaka la punje za udongo wa kuokwa chini kabisa, wavu juu yake, halafu ndipo udongo wa kupandia. Fundi huingiza mrija mwembamba kwenye kona hadi kwenye zile punje, na maji ya mizizi huyapitisha humo. Mvuke wa mjusi hupulizwa asubuhi, ukielekezwa kwenye majani na kioo, kiasi ambacho hewa itakuwa imekikausha kufikia mchana. Kuutambua udongo ulio mkavu juu na mbichi chini ni kazi ya kidole. Kidole hukizamisha hadi kiungo cha kwanza, kikitoka safi subiri, kikitoka na punje zilizogandamana maji yapo. Sijaona kifaa cha kupimia kinachomshinda mtu aliyekwisha kuzoea.

Nguvu ya pili ni viumbe hai, na wenye kuujua ufundi huu huitegemea zaidi kuliko kitu kingine. Kuna nematodi aitwaye Steinernema feltiae, mnyoo asiyeonekana kwa macho, anayeuzwa katika pakiti ya unga wenye unyevu unaotunzwa kwenye friji. Ukikorogwa katika maji na kumwagwa udongoni, minyoo huwatafuta mabuu, huingia kwa mdomo au kwa tundu la nyuma, na humo ndani huachia bakteria wanaomuua buu kwa siku chache. Mnyoo huyu hana la kumfanya mjusi. Ila ana masharti. Jua na ukavu humuua, na joto kali humdhoofisha. Basi yule aliyekausha udongo wiki nzima akamwaga nematodi juu ya vumbi amewatupa. Inabidi aulowanishe kwanza, amwage jioni taa zikiwa zimezimwa, auache uwe na unyevunyevu wiki mbili, kisha arudie, kwa sababu mayai na wale walio katika hali ya pupa huponyoka dozi ya kwanza. Ndiyo maana nasema ni ufundi. Dawa mbili nzuri, ukavu na mnyoo, zinapingana, na mtu anapaswa kujua ipi itangulie.

Pamoja na nematodi yupo utitiri wa udongoni, Stratiolaelaps scimitus, anayewinda mabuu kwa miguu yake mwenyewe na kubaki muda mrefu. Wapo pia kolembola, vidudu weupe warukao wanaokula kuvu, ambao kazi yao ni kumnyang'anya kisubi chakula. Kizimba chenye hao wote hakihitaji kuokolewa mara kwa mara.

Hakuna ugeni wowote kwa Mwafrika Mashariki katika kumwachia mdudu kazi ya kuzuia mdudu. Mzalendo wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, jijini Nairobi mwaka 1970 kwa nia hiyo, na huko Naivasha utitiri mlaji huzalishwa kwa ajili ya mashamba ya maua. Yupo pia bakteria mashuhuri, Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevi. Fuwele zake huyeyuka katika utumbo wa buu wenye hali ya alkali na kuupasua. Wanyama wenye uti wa mgongo haziwadhuru. Kaskazini mwa Stockholm, kwenye mabonde ya mafuriko ya mto Dalälven, helikopta zimekuwa zikimmwaga dhidi ya mbu tangu 2002. Dar es Salaam ilianza kumtumia kwenye madimbwi ya Buguruni, Mikocheni na Kurasini mwaka 2006, kwa mikono ya wakazi wenyewe, na mwaka 2015 kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia kilizinduliwa Kibaha kwa teknolojia ya Cuba. Kisubi wa udongo ni jamaa wa mbu, naye bakteria huyo humpata.

Yapo mambo ambayo fundi hayafanyi. Hapulizi dawa za jamii ya piretroidi chumba kizima, maana reptilia huumizwa nazo. Hatandazi unga wa diatomu, ambao ukilowa haufanyi kazi na ukikauka huingia machoni na kwenye mapafu. Karatasi ya njano yenye gundi ni chombo kizuri cha kuhesabia, lakini haiwekwi ndani ikiwa wazi. Mjusi akinasa humo, kumvuta ni kumchuna ngozi, naye hutolewa taratibu kwa mafuta ya kupikia yanayolegeza gundi, kisha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Karatasi hukaa nje ya kioo, karibu na tundu la hewa, na kila Jumapili hubadilishwa na idadi kuandikwa pamoja na tarehe.

Baada ya wiki sita hivi idadi hushuka, lakini haifiki sifuri, na mimi sioni sababu ya kuifikisha huko. Visubi wachache wanaobaki huruka kuelekea kwenye taa, palepale dume la buluu linapootea joto, nalo huwadaka mmoja mmoja. Mfugaji hupunguza nzi wa matunda wa siku hiyo kwa kiasi hicho.