Wampum: Fedha au Neno?

Yeyote aandikaye kwa Kiswahili juu ya Wairokwa wa Amerika ya Kaskazini hukutana mapema na shida ya neno wampum. Tafsiri nyepesi ni «fedha ya shanga», nayo huvutia, hasa kwa watu wanaokumbuka kwamba simbi zilitumika sokoni. Si uongo mtupu: katika karne ya 17 walowezi wa Massachusetts, kwa kukosa sarafu, walilipana kwa shanga hizo, na sheria yao ikazikubali hadi mwaka 1661. Lakini hayo ni matumizi ya mlowezi. Kuyafanya kuwa maana ya asili ni kukisoma kitu kwa macho ya mnunuzi.

Shanga zenyewe zilichongwa na watu wa pwani, nyeupe kutokana na konokono wa bahari, za zambarau kutokana na makombe. Hata jina ni la lugha za huko pwani. Wairokwa, wakaao bara, walizitunga uzini au kuzifuma kuwa mikanda, na kwao zilikuwa sharti la usemi wa hadhara. Katika ibada ya kuwafariji wafiwa kila utungo huenda na maneno yake: huu wa kufuta machozi, huu wa kuzibua masikio, huu wa kusafisha koo.

Ushahidi mzuri umo katika kumbukumbu za mkutano wa Lancaster, Pennsylvania, wa mwaka 1744, zilizochapishwa na Benjamin Franklin. Hoja moja baada ya nyingine, karani anadokeza kwamba mkanda au utungo umetolewa. Wasomaji wengi huvipita vidokezo hivyo kana kwamba ni habari za zawadi. Kumbe mkanda ndio unaoifunga hoja. Bila huo, yaliyosemwa ni maongezi tu, na kuukataa mkanda ni kulikataa neno lenyewe.

Je, ni maandishi? Wapo wanaodai hivyo, kwa haraka kidogo. Mkanda wa Hiawatha una mti katikati na miraba minne, miwili kila upande: mataifa matano yaliyoungana, Onondaga katikati. Picha hiyo haitoi sentensi. Inamtaka mtu aliyefundishwa kuisema. Msomaji wa Katanga atafikiria lukasa, ubao wa shanga wa Wambudye wa Kiluba. Ulinganisho unafaa kwa upande wa kumbukumbu, si kwa upande wa agano, maana wampum hukabidhiwa mgeni ili imfunge naye pia.

Uchaguzi wa tafsiri hapa si mchezo wa kamusi. Kitu kikiitwa mali, chaweza kuuzwa. Mikanda minne, pamoja na huo wa Hiawatha, ilinunuliwa na John Boyd Thacher wa Albany mwaka 1893. Waonondaga wakamshtaki, wakashindwa mahakamani. Baadaye mikanda hiyo ikaingia katika jumba la makumbusho la jimbo la New York, ikakaa humo bila msemaji hadi mwaka 1989, Waonondaga waliporudishiwa mikanda 12.