"Sambamba" na "Wakati Halisi": Istilahi Mbili Zinazopotosha

Katika tafsiri za maandishi ya kompyuta zimeenea istilahi mbili: "miamala sambamba" na "hifadhidata ya wakati halisi". Zote mbili ni fupi na zinatamkika vizuri. Hata hivyo, zina kasoro ya maana isiyofaa kupuuzwa.

Tuanze na "sambamba". Katika jiometri, mistari sambamba haikutani kamwe. Miamala hii huleta tatizo kwa sababu hukutana. Tuchukue akaunti yenye shilingi 10,000. Miamala miwili inasoma salio hilo kwa pamoja, kila mmoja ukitaka kutoa shilingi 8,000. Pasipo udhibiti, yote miwili itaruhusiwa, na shilingi 16,000 zitatoka. Ndiyo maana muamala hupewa kufuli la kuuzuia mwingine mpaka umalize. Istilahi ifaayo, basi, ni "miamala inayoingiliana".

"Wakati halisi" ina kasoro kubwa zaidi, kwani msomaji hudhani kwamba inahusu kasi tu. John Stankovic, katika makala yake ya mwaka 1988, aliikosoa dhana hiyo: sifa ya mifumo ya aina hii si kasi, bali ni kukamilisha kazi kabla ya muda uliowekwa kwisha. Taarifa za rada kuhusu mahali ilipo ndege, zikichelewa, hupoteza thamani hata kama hesabu yake ni sahihi. Hapo kufuli peke yake halitoshi. Muamala usio na haraka ukilishika, ule wenye haraka utangoja hadi muda wake upite. Mfumo hauna budi ama kuutangua ule wa kwanza na kuuanzisha upya, ama kuuazima kipaumbele cha unaongoja ili umalize upesi. Neno "halisi" halidokezi lolote kati ya hayo. Kiswahili kina neno "makataa", yaani muda wa mwisho uliowekwa. Kwa hiyo tuseme "hifadhidata ya makataa".

Itasemwa kwamba istilahi za zamani zimekwisha kuzoeleka. Mazoea yana uzito wake. Lakini mtaalamu ajuaye lugha ya kigeni hatadhurika nayo. Atakayedhurika ni mwanafunzi anayetegemea Kiswahili, na ofisa anayeandaa zabuni: ataomba "wakati halisi", auziwe mashine ya kasi isiyoahidi makataa yoyote.