Mfupa, Ufizi na Mnyama: Ugonjwa wa Fizi Ulivyochunguzwa

Ugonjwa wa fizi huanzia katika nyama laini inayozunguka jino, lakini alama yake ya kudumu hubaki katika mfupa wa taya, na tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wachunguzi watumie wanyama wa aina mbalimbali.

Mfano wa alama hiyo ya mfupa uko katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma. Mifupa ya sokwe waliofia huko, ambao utafiti wa Jane Goodall ulianza kuwafuatilia mwaka 1960, ilihifadhiwa, na mwaka 1989 Lynn Kilgore alichapisha uchambuzi wa maradhi ya meno ya sokwe 10. Katika fuvu hupimwa umbali kati ya mahali enameli, yaani gamba gumu la jino, inapoishia na ukingo wa mfupa unaolishikilia jino. Umbali huo ukiongezeka, huenda mfupa umelika. Hata hivyo, jino lililosagika huendelea kuchomoza na kuongeza umbali huo pasipo ugonjwa, hivyo matundu madogo na mikwaruzo ya ukingo wa mfupa navyo hukaguliwa.

Fuvu huonyesha matokeo ya ugonjwa wa asili, lakini ufizi wenyewe huwa umekwisha kuoza. Ili kuuona mwenendo wake, Jan Lindhe na wenzake waliwafuatilia mbwa wa aina ya beagle kwa miaka minne, baadhi wakisafishwa meno na wengine wakiachwa wajenge ukoga, na mwaka 1975 walieleza jinsi ukoga ulivyoweza kufikia kuharibu mfupa. Mwaka uliofuata, Roy Page na Hubert Schroeder waliunganisha ushahidi wa binadamu na wa wanyama, wakagawa mabadiliko ya tishu katika hatua nne: seli nyeupe za kwanza hutoka katika mishipa ya damu na kuingia ufizini, limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, huongezeka huku kolajeni, yaani nyuzi zinazokaza ufizi, ikipungua, seli zinazotengeneza kingamwili hutawala, na hatimaye mfupa huliwa.

Panya nao walijibu swali la chanzo. Mwaka 2011 George Hajishengallis na wenzake walionyesha kwamba bakteria Porphyromonas gingivalis, akiwekwa peke yake katika panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote, hakuharibu mfupa, ilhali kati ya bakteria wengine wa kinywa aliuharibu hata akiwapo kwa idadi ndogo. Lakini magego na kinga ya panya si sawa na ya binadamu, na uzi unaofungwa shingoni mwa jino ili kuharakisha ugonjwa hujeruhi ufizi kwanza.

Kwa hiyo hakuna mnyama mmoja anayetosha: fuvu hutoa ukweli wa maisha ya porini, mbwa hutoa mwenendo, panya hutoa chanzo, na hitimisho lolote kuhusu binadamu halina budi kupimwa kwa binadamu mwenyewe.