Kombe la Pemba na Kikombe cha Samunge

Je, Mkristo aweza kutumia tiba za asili bila kuikana imani yake? Ndugu zetu Wakatoliki wamelijibu swali hili katika Katekisimu ya Kanisa lao ya mwaka 1992, kifungu cha 2117. Humo uchawi na uvaaji wa hirizi vyakataliwa, hata vikikusudiwa kurudisha afya. Tiba za jadi hazilaaniwi zenyewe, ila hazihalalishi kuziita nguvu za uovu wala kutumia vibaya wepesi wa watu kuamini. Katika makala haya twakusudia kukipima kifungu hicho.

Kwanza twakiri uzuri wake. Majani na mizizi ni viumbe vya Mungu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kuwa Bwana ameziumba dawa kutoka katika ardhi. Nasi Walutheri, ijapokuwa kitabu hicho hatukihesabu katika kanuni, tunaye Isaya aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia (Isa. 38:21).

Lakini tukivuka bahari hadi Shumba, kaskazini mwa Pemba, kifungu hiki chapungukiwa. Pemba imesifika tangu zamani kwa waganga wake, na miongoni mwa tiba za kisiwa hicho ni kombe: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani katika sahani, huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa. Hapa haziitwi nguvu za uovu, huombwa Mungu. Padre au mchungaji aulizwaye na muumini wake kama anywe, hapati jibu humo. Sisi twasema asinywe, wala si kwa kumdharau jirani Mwislamu. Kombe ni sala, naye ainywaye sala ya imani asiyoishiriki aigeuza kuwa hirizi.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliyefariki mwaka 2021. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Malipo yalikuwa shilingi 500 tu, na aliyetajwa ni Mungu wa Biblia. Hata hivyo iliaminiwa kuwa dawa yafaa itolewapo kwa mkono wake tu, na wapo wagonjwa wa UKIMWI walioacha dawa za hospitali.

Kwa hiyo ile sehemu ihusuyo wepesi wa kuamini ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kuwa kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea ndicho mungu wake. Basi na tuulize: Je, dawa yaweza kupimwa, au imefungwa katika mkono wa mtu mmoja? Je, mgonjwa yu huru kwenda hospitali? Je, yuko jirani aliyetajwa kuwa mchawi?

Muumini afichaye hirizi chini ya shati amekwisha kulisikia katazo. Aliyekosekana ni mtu wa kumfikia nyumbani. Yakobo 5:14 yaagiza wazee wa kanisa waitwe kwa mgonjwa. Basi wafike, wamwombee, wamsindikize hospitali, na wakae naye hata asipopona.